Pambizoni

Alikufa ukurasa wa arobaini na moja,
yule bibi kizee asiye na jina.
Kaingia ukurasa wa thelathini na nane, ananuka kafuri,
kakohoa mara mbili, kasahau birika motoni,
kafa,
ili mjukuu arithi nyumba
na apate dirisha la kumlilia mpenzi wake.

Mimi Zulma Etcheverry, miaka sabini na mitatu,
nilikisoma jikoni, Montevideo, mwezi wa Julai,
baridi ikipenya chini ya mlango kama mdai.
Miaka thelathini na mmoja nilisahihisha makosa gazetini:
nukta iliyopotea, jina la waziri lililokosewa,
tangazo la tanzia lililomzika aliye hai.
Hili nalo nilililenga mara moja.
Nikachonga penseli.

Pambizoni nikaandika: Jina lake?
Nikangoja. Hakuna aliyejibu.
Anaitwa Eudosia Larralde, nikaandika.
Kafuri ni ya koti. Yeye mwenyewe hunukia maganda ya machungwa.
Na birika hakulisahau:
alikuwa anasikiliza mpira redioni,
timu yake imepata penalti.

Alhamisi tunakutana maktaba ya mtaa, wanawake saba.
Jimena, msichana wa zamu, ana moyo mwema, simsemi vibaya,
ametutengea rafu yetu:
herufi kubwa, paka kwenye jalada,
hadithi ambamo hakuna anayevua hata kofia.
Hebe, themanini na miwili, akakirudisha chake mezani.
"Binti, kilichopungua nuru ni macho.
Mengine yapo."
Tulicheka mpaka chai ikatumwagikia mapajani.
Nchi hii ina ng'ombe wengi kuliko watu;
atatufundisha nani
kwamba ng'ombe hazeeki maini?

Lakini kicheko hakifiki nyumbani.
Kinashuka basi kituo kimoja kabla yangu.

Daktari huniuliza hali yangu kwa kumtazama binti yangu.
"Anakula vizuri? Analala?"
Nami nimekaa palepale, na viatu vipya,
vyekundu, nilivyovinunua kwa hasira.
Muuza mikate huniita kipusa, kwa sauti ya kubembelezea mtoto,
kisha hunihesabia chenji mara mbili
polepole
kana kwamba hesabu nayo imeota mvi.

Na nikiri, maana penseli haina upendeleo:
nilipokuwa na thelathini niliwaruka vizee vitabuni
kama mtu anavyoruka dimbwi, sketi mkononi, macho mbele,
namtafuta msichana, namtafuta mimi.
Mama yangu nilimfunga vifungo vya sweta
bila kumuuliza kama anasikia baridi.
Alinyoosha shingo, akatazama dari.
Mpaka leo sijui alisoma nini pale juu.

Basi nikajaza pambizo zote za ukurasa wa thelathini na tisa.
Eudosia ana deni la duka la vitambaa, hana nia ya kulilipa.
Eudosia anaogopa lifti, haogopi kaburi.
Usiku goti lake humwamsha saa tisa,
naye hulisikiliza, kama jirani mwenye kesi ndefu.
Kuna mwanamume, mfungua piano, huja Jumanne.
Piano hana.

Kuandika kwenye kitabu cha maktaba ni kosa.
Jimena ana ufutio kwenye droo, na kazi ni kazi.
Kabla ya kukirudisha nikaweka vitone vidogo chini ya jina lake,
alama yetu ya zamani pale chapani:
lisifutwe.

Oktoba nilikiazima tena. Sijui nilitaka nini.
Penseli yangu ilikuwepo, imefifia kidogo.
Chini ya vitone, kwa wino wa kijani,
mwandiko wa mkono unaotetemeka, si wa Hebe, si wa yeyote nimjuaye:

Alijua pia kuogelea.
Mpaka boya la pili na kurudi.

Hilo sikulijua.